Mkate wa Saa Kumi na Mbili

Shemeji yangu ana tabia ya kusafisha koo kabla ya kusema jambo baya, kwa hiyo asubuhi ile aliposafisha koo mara mbili nilijua kuna balaa. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha kuokea, mikono nyuma, akiitazama oveni badala ya kunitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "mwezi huu ndio wa mwisho. Oveni isipojilipia unga wake na umeme wake, tunaiuza. Nimepata mtu anayetaka nafasi hii aweke friji ya vinywaji."

"Na mimi?"

"Wewe ni wa nyumbani. Utakaa kaunta, utanisaidia."

Kukaa kaunta! Mimi, niliyekanda unga mle ndani miaka kumi na sita! Duka letu ni la vyakula, dogo tu: mchele, sukari, sabuni, viberiti, na kule nyuma chumba cha kuokea mikate. Lilikuwa la mume wangu na mdogo wake, nusu kwa nusu. Mume wangu alishika oveni, mdogo wake akashika kaunta. Mume wangu alipofariki, miaka minne iliyopita, ukoo ulikaa ukasema nusu yake ni yangu, na wote wakaitikia kwa vichwa. Lakini mimi si mtoto. Nusu yangu ilikuwa ile oveni. Ikitoka mle ndani, nabaki mjane anayekaa kaunta kwa hisani ya shemeji yake, anatumwa chumvi kwenye rafu ya juu. Huko ndiko kumwaga unga kwenyewe, na mimi unga siumwagi ovyo.

Nikamwambia sawa. Sikubishana naye hata neno moja. Wanaonijua wanajua kwamba nisipobishana nimekasirika kweli.

Nilianza na lililo wazi. Nilikuwa nikioka vitu kumi na kimoja. Kumi na kimoja, kwa duka ambalo watu watatu wakiingia kwa pamoja wanakanyagana! Kulikuwa na keki za krimu, keki za maua ya waridi, keki za kuviringisha zenye jemu katikati. Ua moja la waridi lilinichukua dakika nzima, na keki moja ina maua kumi na mawili. Wateja waliiangalia kama picha ya ukutani, wakasema mikono yangu ina baraka, kisha wakanunua kiberiti wakaenda zao. Siku ya tatu krimu inatoa jasho, keki inaliwa na sisi wenyewe, na wifi yangu analalamika kwamba gauni limembana.

Nikafuta zote. Nikabaki na vitu vitatu: mkate wa kawaida, skonzi, na biskuti za majarini. Mkate na skonzi vinatoka kwenye unga mmoja, unakanda mara moja tu, kisha skonzi unazizidishia sukari kidogo. Biskuti nikawa nazioka mwisho, nimeshazima oveni, kwa lile joto linalobaki, kwa hiyo hazili umeme. Sikununua tena krimu, wala rangi, wala vile vikaratasi vya kukunjwakunjwa vinavyouzwa kana kwamba vimefumwa kwa dhahabu. Matumizi yakashuka ndani ya siku nne. Na mkate wenyewe ulikuwa mzuri, nasema bila kujisifu. Haya, najisifu. Ukiubonyeza unarudi juu wenyewe.

Na bado tulikuwa tunakula hasara.

Sasa hapo lazima nieleze kuhusu saa kumi na mbili. Mume wangu alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa: mkate usilale dukani. Hakutaka kabisa kumuuzia mtu mkate wa jana. Kwa hiyo kila jioni, ikifika saa kumi na mbili, alifungua mlango wa nyuma wa chumba cha kuokea, ule wa kutokea uani, na chochote kilichobaki kwenye trei aliwapa watu waliosimama pale. Bure kabisa. Alipoondoka duniani, nikaendelea. Nilikuwa naipenda saa ile, sitaficha. Kutwa nzima nilikuwa fundi na mjane, lakini pale mlangoni, trei mkononi, watu wakinyoosha mikono, nilikuwa nafanya kitu chake kama alivyokifanya yeye.

Walikuwa wakija watu kumi na watano, ishirini. Wengine wana maneno. "Mama, nipe ile iliyoiva vizuri." "Mama, hii imepinda." Nyuma yao wote alisimama mzee mmoja wa koti lenye kifungo kimoja, kofia ameishika mkononi. Hakuchagua hata siku moja. Alipokea mkate ulioangukia zamu yake, akasema asante, akaenda. Kwa kuwa sikuwahi kumsikia akitamka neno jingine, moyoni nilimpa jina la Bwana Asante.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Baada ya kuacha yale makeki, mkate ulizidi kuwa mzuri na watu wa saa kumi na mbili wakaongezeka. Siku moja trei zikaisha kabla ya watu. Mimi nikasema moyoni: si unaona wanavyoupenda? Nikaongeza trei mbili! Shemeji alizihesabu zikipita, akasafisha koo, akarudi kaunta. Nilimwonea huruma, nikadhani haelewi biashara.

Na wao wenyewe walikuwa wakiniambia, ila sikuwa na masikio. Mwalimu wa shule ya jirani, mwanamke wa mkoba wa ngozi na miwani ya mnyororo, alikuwa akipita saa kumi jioni, anazibonyeza skonzi zangu kwa kidole, anauliza, "Hizi saa kumi na mbili zitakuwepo?"

"Zitakuwepo, Mwalimu," namjibu kwa furaha.

"Basi nitarudi."

Nami ninamwekea! Jamani, ninamwekea kabisa pembeni, nikifikiri ana kikao shuleni.

Zilibaki wiki mbili na nusu nilipokwenda kusukwa. Sikwenda kwa starehe. Nywele zilikuwa zinatoka nje ya kitambaa, na mwokaji hawezi kuwa na nywele zinazotembea. Msusi alinikalisha chini, kichwa amekiinamisha kati ya magoti yake, kwa hiyo nilikuwa naona sakafu tu na miguu ya wanawake wawili kwenye benchi. Nao walikuwa wanaona kisogo changu, na visogo vyote vinafanana.

Mmoja akasema, "Ngoja nikimbie nikanunue mkate kabla hawajafunga."

"Ununue?" mwenzake akaruka. "Wewe una wazimu? Subiri saa kumi na mbili uende pale kwa yule mjane, mlango wa nyuma. Wanagawa."

"Bure?"

"Bure, shoga yangu! Mkate, skonzi, na biskuti ukiwahi. Mimi tangu mwaka jana sijanunua mkate. Unavaa kandambili zako, unakunja uso kidogo, unasimama. Hata Mwalimu anakuja, na mkoba wake!"

Wakacheka. Msusi naye akacheka, kisha akakumbuka kichwa alichokishika ni cha nani, vidole vikamganda.

Nilisimama na mistari sita upande wa kushoto, na upande wa kulia nywele zimesimama wima.

"Mama, upande mmoja bado!" msusi akaita.

"Uache ubaki hivyo hivyo!"

Nilipita barabarani na kichwa kile, na yeyote aliyetaka kucheka aliuona uso wangu akabadili nia. Nilipofika uani walikuwa wameshaanza kujipanga. Nikafungua mlango wa nyuma, nikasimama, na kwa mara ya kwanza tangu mume wangu afe sikutazama nyuso, nilitazama viatu. Mwalimu alikuwa na viatu vya kisigino vinavyong'aa. Kando yake mwuza dawa, mwenye nyumba ya wapangaji watatu. Kando yake mama mmoja ambaye wiki ile ile alikuwa amenionyesha simu mpya aliyotumiwa na mwanawe. Msururu mzima ulikuwa umevaa vizuri kunizidi mimi.

Damu ilinichemka mpaka nikasikia masikio yanavuma.

"Leo hakuna cha bure!" nikapiga kelele. "Kwa hiyo mimi ni mpishi wenu? Mnanibonyezea skonzi saa kumi, mnazisubiri saa kumi na mbili! Oveni inauzwa mwisho wa mwezi huu, mnajua? Inauzwa kwa sababu yenu! Mmeila! Mmeitafuna na chuma chake!"

Mwalimu akarekebisha miwani yake, akasema polepole, kwa sauti ile ya darasani, "Marehemu asingefanya hivi."

Loo! Hilo lilinichoma. Ningepigwa kofi ningeumia kidogo kuliko pale.

"Marehemu aliwapa waliokosa," nikamjibu. "Wewe umekosa nini, Mwalimu? Haya, ondokeni wote! Na kama kuna mwenye aibu hapa, hata mmoja, asirudi tena mlangoni kwangu saa kumi na mbili!"

Nikaufunga mlango kwa kishindo mpaka chombo cha chumvi kikaanguka ndani. Mikate kumi na tisa na skonzi sijui ngapi zikalala dukani, kwa mara ya kwanza. Nilikaa juu ya gunia la unga nikalia. Nilimlilia mume wangu kwa sheria yake niliyoivunja, nikajililia na mimi mwenyewe kwa kufanywa mjinga mwaka mzima na watu wenye visigino.

Kesho yake nikabadilisha kazi. Zamani nilioka kila kitu alfajiri, trei kumi kwa mkupuo, halafu nakaa kutwa nikiitazama mikate inapoa. Sasa nikaoka kidogo kidogo mara tatu: alfajiri, saa tano, na saa tisa alasiri. Oveni ikipoa kabisa inakula umeme mwingi kuwaka upya, kwa hiyo katikati nilikuwa naiacha kwa moto mdogo nikioka biskuti, mlango haukai wazi, joto halipotei. Nikaandika kwenye kipande cha boksi mbele ya kaunta: MKATE WA MOTO SAA KUMI. Shemeji aliposoma alikuna kidevu. Ilipofika saa kumi na mbili, kwenye trei kulikuwa na makombo tu, na hayo niliyakung'uta mbele yao.

Maana walikuja, usidhani. Siku ya kwanza walikuja kumi na wawili, wakasimama uani wakiutazama mlango. Siku ya pili wakaja sita. Siku ya tatu, saa kumi kamili, Mwalimu huyo, mkoba mkononi, mbele ya kaunta.

"Nipe mkate mmoja na skonzi nne," akasema.

Hakuona haya hata chembe! Hakutazama pembeni, hakukohoa. Alilipa, akabonyeza skonzi moja kwa kidole, akaniambia leo zimeiva vizuri. Nyuma yake mwuza dawa. Nyuma ya mwuza dawa yule mama wa simu mpya, anataka mikate miwili kwa sababu ana wageni. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, nimeyapanga mazuri mazuri, na yote yakanibaki kinywani kwa kukosa wa kumpa.

Wiki ya pili mkate wa saa kumi ulikuwa unaisha saa kumi na moja. Watu wakaanza kufika saa tisa na nusu, wanasikia harufu, wanangoja, na kwa kuwa wanangoja wananunua sukari na majani ya chai. Kwa hiyo hata kaunta ya shemeji ikachangamka. Nilikuwa nachoka mpaka nasinzia nimesimama, lakini asubuhi naamka kabla ya saa kulia.

Siku ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi, shemeji akaja mlangoni. Nilimsubiri asafishe koo. Hakusafisha.

"Imejilipia," akasema. "Unga, umeme, hamira, kila kitu, na kumebaki cha juu. Yule mtu wa friji nimemwambia atafute pengine."

"Sema tena."

"Oveni inabaki, shemeji. Na wewe unabaki nayo."

Alipogeuka nikafunga mlango nikarukaruka mle ndani kama mtoto, umri wangu huu, magoti yangu haya. Nikaibusu oveni. Nikaungua mdomo kidogo. Sikujali.

Alirudi baadaye kuchukua trei za kupeleka mbele, naye alikuwa na furaha, jambo ambalo kwake huonekana kwa kuongea sana. "Ulifanya vizuri sana kuwafukuza wale," akasema. "Umeona? Wote wamerudi na hela zao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na shida."

"Hata mmoja," nikaitikia, huku napaka trei mafuta.

Nikaanza kuwapitia kichwani kwa raha, mmoja mmoja, kwa jinsi walivyokuwa wakisimama. Mwalimu, amerudi. Mwuza dawa, amerudi. Mama wa simu. Wale dada wawili wa ghorofani. Kinyozi. Nikafika mwisho wa msururu, mkono wangu ukasimama juu ya trei.

Mzee wa koti sikuwa nimemwona. Hakuja saa kumi, hakuja saa kumi na mbili, hata siku zile mbili za kwanza walipokuja kusimama na kunung'unika. Wiki mbili na nusu, na sikuwa nimegundua. Nilikuwa na shughuli ya kufurahi.

Nikavuka barabara kwa fundi viatu, ambaye anajua habari za mtaa mzima kwa soli zake.

"Mzee mwenye koti la kifungo kimoja? Anakaa nyuma ya karakana ya mbao, chumba cha mwisho," akasema. "Yeye na mke wake. Mama yule hainuki kitandani, mwaka wa tatu huu."

Mkate wa saa tano ulikuwa ndio unatoka. Nikachukua mmoja, nikaufunga kwenye kitambaa, nikaenda na aproni yangu.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake akinyoosha misumari. Alikuwa na kopo la misumari iliyopinda, ya kuokota, anaiweka mmoja mmoja juu ya jiwe na kuigonga mpaka inyooke. Aliponiona akasimama, akavua kofia.

"Mzee, shikamoo. Mbona siku hizi huonekani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo muulizaji analijua jibu lake.

"Marahaba, mama. Si ulisema mwenye aibu asirudi?" Akaigeuzageuza kofia mikononi. "Mimi nina aibu."

Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningejua la kujibu, mimi kwa majibu sishindwi. Alikuwa ananieleza tu, kwamba niliagiza kitu naye akakitii. Katika umati wote ule, na kelele zangu zote zile, nilikuwa nimemfukuza mtu mmoja tu.

Nikakaa pale kizingitini, kando ya kopo la misumari.

"Nisamehe, baba," nikasema. "Sikuwa nasema na wewe."

"Nilikuwa nimesimama hapo, mama."

"Najua. Nisamehe." Nikakamata kitambaa. "Siku zote hizi mmekuwa mkila nini?"

"Tunakula. Si kila siku, lakini tunakula."

Nikampa ule mkate. Hakuupokea mara moja. Akauliza, "Ulibaki?"

"Haukubaki. Hata watu hawajaanza kununua. Ndio kwanza umetoka."

Akaupokea kwa mikono miwili, akausogeza karibu na shavu, kisha akageuka akaita ndani ya kile chumba chenye giza, "Mama watoto! Bado wa moto!" Sikusikia alichojibiwa, sauti ilikuwa ndogo mno.

Nilirudi dukani macho mekundu. Shemeji alikuwa kaunta na daftari lake la matumizi. Nikamwambia alifungue.

"Andika chini ya unga na hamira," nikasema. "Mkate mmoja, kila siku, wa trei ya kwanza, wa yule mzee wa nyuma ya karakana. Usiandike kwamba ulibaki. Uandike kama unavyoandika umeme."

"Shemeji, tumetoka shimoni leo asubuhi! Ukianza na mmoja, kesho—"

"Kesho mmoja, na kesho kutwa mmoja. Ukiona unaleta hasara, iite ile friji, uing'oe oveni. Sitasema neno. Lakini uandike."

Alinitazama. Ana macho ya kaka yake, sijui kwa nini huwa nasahau. Akasafisha koo, akalamba ncha ya kalamu, akachora mstari mpya chini ya hamira.

"Haya. Anaitwa nani, niandike?"

Miaka yote ile ya mume wangu, na minne yangu mwenyewe, tumemtia mtu yule mkate mkononi jioni baada ya jioni, na hakuna siku hata moja niliyomuuliza. Nikamwambia shemeji anisubiri, nikatoka tena kwenda kumuuliza.